Stelingi na shujaa si lazima awe mtu mmoja: Achilles na Hector, Liyongo na Karama, Frodo na Sam, yupi umpe hilo jina?

Wakuu, hii mada kila ikiguswa inaleta ubishi, na mara nyingi ubishi wenyewe unaishia kwenye nani ana nguvu, nani kamchapa nani, nani hajawahi kupigwa. Mi naona hapo tunapima kitu ambacho sicho. Nguvu inakuonyesha mhusika anaweza kufanya nini, haikuonyeshi ni mtu wa namna gani. Kipimo changu ni kimoja na nitakitumia kwa wote humu bila upendeleo: je, huyu mhusika alikuwa na njia ya kuondoka salama, akaiona kabisa, alafu akabaki kwa ajili ya mtu mwingine? Kama alikuwa nayo na akabaki, tuongee. Kama hakuwa nayo, au alibaki kwa ajili ya jina lake mwenyewe, huyo ni stelingi tu, stori inamzunguka yeye, lakini ushujaa inabidi tuutafute kwingine, na mara nyingi utaukuta kwa mtu aliyesimama pembeni yake.

Nimewapanga wawili wawili ili uchague mwenyewe. Inawezekana unatafuta nani wa kumshabikia, au unaandika riwaya ama skripti na umekwama hujui mhusika wako umjengeje, au una watoto na unawaza uwasimulie habari za nani. Nitasema mi namchagua nani kila sehemu na kwa nini, we ukiona tofauti ni sawa kabisa, ila uwe na sababu.

Achilles na Hector

Naanza na hawa kwa sababu Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, ina zaidi ya miaka 2,500 na mpaka leo muvi nyingi za vita zinatembelea njia ile ile. Vita ni ya Troy, Achilles yuko na Wagiriki waliokuja kuuzingira mji, Hector ndo anaulinda.

Achilles kwenye uwezo hana mpinzani. Mama yake ni Thetis, mungu wa baharini, na akiingia uwanjani watu wanakimbia. Njia ya kuondoka anayo, tena anaisema kwa mdomo wake, kwamba mama yake alimweleza ana mawili ya kuchagua, abaki Troy afe mapema na jina lake lisife, au arudi kwao aishi miaka mingi bila sifa yoyote. Kwa hiyo nusu ya kipimo kafaulu. Shida iko kwenye nusu ya pili, yani anabaki kwa ajili ya nani? Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, kamnyang'anya Briseis, mwanamke aliyekuwa fungu lake la nyara (na huyo Briseis hakuna aliyemuuliza anataka nini, hilo nalo tuliseme), heshima ya Achilles ikaguswa, akasusa. Akakaa kambini kwake wenzake wanachinjwa, wakaja kumbembeleza na zawadi kibao akazikataa zote, mpaka Patroclus, rafiki yake wa roho, akavaa silaha za Achilles akaingia vitani na Hector akamuua. Hapo ndo jamaa akaamka, na aliamka kwa hasira yake binafsi, sio kwa kuwahurumia waliokuwa wanakufa siku zote hizo. Akamuua Hector, akamtoboa miguu akapitisha kamba, akamfunga nyuma ya gari la farasi na kumburuta wazazi wake wakiwa wanaangalia kutoka ukutani.

Kuna kitu kimoja watu wengi wanakichanganya, wanasema Achilles alikuwa haumii popote isipokuwa kisigino. Kwenye Iliad hiyo haimo, ilikuja na masimulizi ya baadaye. Kwa Homer Achilles anatoka damu kama wewe na mimi, kuna mpiganaji anaitwa Asteropaeus alimchubua mkono kwa mkuki. Hilo linampandisha hadhi kwa kweli, maana mtu asiyeweza kuumia akienda vitani hajahatarisha chochote, na huyu alihatarisha.

Sasa Hector. Kuna sehemu kwenye kitabu cha 6 cha Iliad ambayo mi kila nikiisoma lazima nisimame kwanza. Hector katoka vitani mara moja, yuko langoni, mkewe Andromache anamkimbilia na mtoto kabebwa na yaya. Andromache hana mtu mwingine duniani, Achilles huyo huyo alishamuulia baba yake na kaka zake wote saba. Anamwambia mumewe bakia hapa ukutani, lipange jeshi pale penye mtini ambapo ukuta ni rahisi kupandwa, usinifanye mjane. Ushauri wenyewe sio wa kijinga hata kidogo, ni wa mtu anayeielewa vita. Hector anamjibu kwamba anajua moyoni Troy itaanguka, anajua kabisa, na kinachomuumiza zaidi ni kumwaza yeye akichukuliwa mateka. Alafu ananyoosha mikono amchukue mwanae, mtoto analia anajificha kifuani kwa yaya kwa sababu ile kofia ya chuma yenye manyoya ya farasi juu inamtisha. Baba na mama wanacheka. Hector anaivua, anaiweka chini, anambusu mtoto, anamrusharusha mikononi, anamwombea aje kuwa bora kuliko yeye. Alafu anaiokota anaivaa tena anarudi vitani.

Mnaona? Njia ya kuondoka imesimama mbele yake, ina jina, ina mtoto mkononi, na yeye anarudi kwa sababu watu walioko nyuma ya ule ukuta hawana mwingine.

Lakini nisimpambe sana. Hector naye ana doa. Polydamas, mpiganaji mwenzake wa Troy, alimshauri warudi ndani ya kuta kabla Achilles hajarudi uwanjani, akakataa, watu wengi wakafa kwa uamuzi ule, na siku ya mwisho kilichombakisha nje ya lango sehemu kubwa ilikuwa aibu ya kusikia watu wakisema Hector kaliponza jeshi. Hiyo ni habari ya jina, kama ya Achilles. Na alipomwona Achilles anakuja, alikimbia. Ndiyo, alikimbia kuuzunguka mji mara tatu. Kuna watu wanasema hapo ndo anapoteza sifa, mi naona hapo ndo anaipata, kwa sababu tunamwona mwili unakataa kabisa na mwisho anasimama anachomoa upanga akiwa ameshajua yuko peke yake na hata miungu imemgeuka.

Kura yangu kwa Hector. Ila Achilles ana dakika yake moja ya ushujaa halisi na haiko vitani. Priam, baba yake Hector, mzee wa watu, anaingia usiku kwenye kambi ya adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe, anaomba maiti. Achilles anamkumbuka baba yake mwenyewe, wanalia wote wawili, kila mmoja na wake. Kisha anaitoa maiti na anaahidi kuzuia vita siku 11 ili Troy imzike mtu wao. Kama una mhusika mbabe na unataka msomaji aanze kumheshimu, hiyo ndo shule. Kumwongezea maadui wa kuwapiga hakusaidii kitu, mletee mtu mmoja mwenye haki ya kumchukia, na huyo mbabe wako amsikilize mpaka mwisho.

Liyongo na Karama

Hapa tuko nyumbani kwenye fasihi yetu. Fumo Liyongo kwenye utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, na Karama wa Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951. Mmoja ni jitu lenye upinde, mwingine ni mtu mwenye mdomo tu.

Liyongo ana kila kitu cha stelingi: umbo kubwa la kutisha, shabaha, na juu ya yote ni malenga. Walipopanga wamuue akiwa juu ya mti anachuma makoma, yeye hakupanda, alichukua upinde akayaangusha kwa mishale, njama ikafia hapo hapo. Sultani wa Pate anamwogopa asije akachukua ufalme, anamfunga. Na hapa ndo inakuja sehemu tamu kuliko zote. Mama yake anamletea chakula kila siku kupitia kijakazi anaitwa Saada, walinzi wanakula kizuri wanamwachia makombo. Liyongo anatunga shairi lenye fumbo, anampa Saada akamfikishie mama, ujumbe ni kwamba oka mkate wa wishwa, yani ule wa hovyo ambao mlinzi hata hatautamani, na katikati uweke tupa. Mkate unaingia. Liyongo anaomba ngoma kubwa ichezwe nje kama ombi lake la mwisho, matari na pembe zinalia, watu wanaitikia, na kelele zile zinameza sauti ya tupa ikikata minyororo. Anatoka, watu wanatawanyika.

Stori kali sana. Ila kwa kipimo changu Liyongo anapigania nini? Anajiokoa. Hana kosa, anaonewa, na mtu yeyote angejiokoa. Mtu niliyekuja kumuona kwa jicho jingine ni Saada. Yeye ndo aliyebeba shairi kichwani, yeye ndo aliyepita mbele ya walinzi na ule mkate wenye chuma ndani. Akikamatwa hana nguvu za jitu, hana upinde, hana jina la kumkinga. Angeweza kumnong'oneza mlinzi mmoja tu na labda angepewa zawadi. Akapita. Utenzi haumbebi kwa beti nyingi, unamtumia na kuendelea na safari, lakini bila yeye hakuna Liyongo wa kusimuliwa.

Na mwisho wa Liyongo mnaujua, mwanae wa kumzaa anarubuniwa na sultani, anamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kukuua, anaambiwa ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda mpaka kwenye kisima, anapiga goti na mshale uko kwenye upinde na anakufa vile vile. Watu wanakaa siku nyingi hawathubutu kusogea kuchota maji wakidhani yuko hai. Picha ya kutisha hiyo, imekaa kwenye kichwa cha kila aliyeisoma. Ila hebu angalia nani anateseka hapo, ni watu wa mji wenye kiu.

Karama sasa. Nchi ya Kusadikika iko angani, na Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria, yani watu wajue kujitetea. Anasimama mbele ya mfalme na baraza na silaha yake ni kusimulia tu. Anawakumbusha wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kila upande wa dunia mpaka mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuifaa nchi, wakarudi na faida, na nchi ikawalipa kwa kuwafunga jela. Njia ya kuondoka alikuwa nayo, aombe radhi, anyamaze, afundishe mambo mengine. Na angalia alichofanya, badala ya kujitetea yeye peke yake akageuza kesi yake kuwa ya wale sita waliosahaulika. Mwisho wa kesi hakutoka peke yake, na wao walifunguliwa.

Kwa kipimo changu Karama anashinda mbali. Ila niseme ukweli, kama mhusika kuna kitu anakosa. Hatumuoni akitoka jasho. Hatumuoni usiku kabla ya kesi anageuka geuka kitandani. Anaongea kwa ufasaha mwanzo mwisho na unajua tu atashinda, hata majina yamekwambia mapema nani mwema nani mbaya. Shaaban Robert alikuwa anaandika hoja kwa sura ya hadithi na kwa hoja hiyo anafaa kabisa, enzi zile za ukoloni ilikuwa hoja nzito. Lakini wewe unayeandika leo ukimuiga Karama bila kumpa mwili, msomaji atakubaliana naye na kesho hamkumbuki. Liyongo tunamkumbuka kwa sababu ana njaa, ana mama, ana makombo kwenye sahani. Mi ningechukua sababu ya Karama nikaiweka kwenye mwili wa Liyongo.

Wale wasioumia

Hapa nitapita haraka. Superman alitoka 1938, na nguvu zake zilivyozidi kuongezwa waandishi wakajikuta hawana cha kumtishia nacho. Ndo maana ikabidi iletwe kryptonite, ikaanza kwenye mchezo wa redio mwaka 1943 na kufika kwenye komiki zenyewe 1949. Walihitaji jiwe la kumuumiza ili ujasiri wake uwe na maana. Spider-Man wa 1962 alianzia upande wa pili kabisa, kijana mwenye nguvu anamwacha mwizi apite kwa sababu "haimhusu", na mwizi yule yule anakuja kumuua mjomba aliyemlea. Sioni sababu ya kubishana sana hapa, Superman mzuri ni yule anayelazimika kuchagua amuokoe nani na amkose nani, mambo ambayo ngumi haziwezi kumsaidia, na Spider-Man analo hilo tangu siku ya kwanza.

Okonkwo na Obierika

Okonkwo wa Chinua Achebe, kwenye riwaya ya Things Fall Apart ya 1958, ni mfano mzuri sana wa mtu jasiri ambaye mi simpi ushujaa. Alimwangusha Amalinze, mpiga mieleka ambaye hakuna aliyemuweza kwa miaka saba, vitani hatetereki, shambani anafanya kazi kama ana deni. Ila ukimsoma vizuri unakuta kila anachokifanya kinasukumwa na woga mmoja, asije akaonekana dhaifu kama baba yake. Kijana Ikemefuna kaishi kwake miaka mitatu anamwita baba, amri inatoka auawe, na mzee Ezeudu anamwonya waziwazi asishiriki. Hiyo ndo njia ya kuondoka wazi kabisa, hakuna ambaye angemlaumu. Anaenda. Na kijana anapopigwa panga la kwanza anamkimbilia yeye, na Okonkwo anamkata, kwa kuogopa kuonekana mnyonge mbele ya wanaume wenzake.

Huo mstari mmoja tu unafuta mieleka yote. Mtu asiyeogopa kufa anaweza akawa anaogopa kuchekwa, na anayeogopa kuchekwa atafanya lolote alimradi wenzake wanamwangalia.

Rafiki yake Obierika alikataa kwenda. Alibaki nyumbani, na baadaye akamwambia Okonkwo usoni kwamba alichofanya hakitampendeza mungu wa ardhi. Nampenda Obierika, anafikiri, anahoji mila za kwao bila kuzitukana. Je, ni shujaa? Hapana, nusu tu. Yeye mwenyewe anasema kama amri ingekuwa ya mwanae asingeipinga ila asingekuwa yeye wa kuitekeleza. Kukataa kuchafua mikono yako ni jambo jema ila Ikemefuna alikufa vile vile. Hapa sina wa kumpa kura, na nadhani Achebe alitaka iwe hivyo, maana ni riwaya ya jamii nzima ambayo watu wake wazuri walishindwa kumuokoa mtoto mmoja.

Frodo na Sam

Hawa ndo wananipa kazi. The Lord of the Rings ya Tolkien, ilitoka kwa vitabu vitatu 1954 na 1955. Frodo ni mtu mdogo kimo, hana upanga wa maana wala ukoo wa kifalme. Kwenye baraza la wakubwa, wenye hekima wote wamekaa kimya, anajitolea kuibeba pete ya adui, ile inayomvuta kwenye uovu kila anayeishika, kwenda kuiharibu kwenye mlima wa moto, na anasema wazi kwamba njia haijui. Kwa kipimo changu amefaulu pale pale kabla hata safari haijaanza, maana alishawafikishia pete, angeweza kurudi nyumbani na shukrani juu.

Ila mwisho wa safari Frodo anashindwa. Anafika kwenye ukingo wa moto kabisa alafu anakataa kuitupa, anasema ni yake, anaivaa. Pete inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa nayo na anaitamani mpaka leo, anamng'ata kidole, anaichukua, na anateleza nayo. Kuna watu wanamfutia Frodo ushujaa kwa hilo. Mi siwafuati, kwa sababu mbili. Moja, Gollum alikuwa hai mpaka pale kwa sababu Bilbo, ndugu yake Frodo aliyekuwa na pete kabla yake, na baadaye Frodo, walipata nafasi ya kumuua wakamuonea huruma, kwa hiyo kilichookoa dunia ni ile huruma ya zamani. Mbili, alibeba mzigo mpaka mwisho kabisa wa uwezo wake, na kilichovunjika ni yeye mwenyewe. Akirudi kijijini hakai vizuri tena, majeraha yanamrudia, mwisho anaondoka na meli. Aliwaokolea wenzake nyumba ambayo yeye hakuweza kuishi tena ndani yake.

Sam naye ni mtunza bustani. Hakuchaguliwa na baraza, alikuwa kajificha anasikiliza. Safari nzima anabeba masufuria yake ya kupikia, anayapenda, ndo utu wake uko humo, na walipofika kwenye ile nchi kavu ya adui ikabidi mizigo ipungue, anayatupa kwenye ufa wa ardhi na ile kelele yakigonga miamba inamuuma moyoni. Mtu mwingine angeandika Sam anauza roho yake, Tolkien akaandika Sam anatupa masufuria, na inauma zaidi. Kuna muda alidhani Frodo kafa akabeba pete yeye, na pete ikamjaribu kwa kumwonyesha jangwa lote lile linageuka bustani kubwa chini ya amri yake. Akajiambia anachohitaji ni bustani yake ndogo ya kulima kwa mikono yake, basi. Alafu akamrudishia mwenyewe. Na Frodo alipoishiwa nguvu kabisa, Sam akambeba mgongoni kupanda ule mlima.

Kati ya hawa wawili stelingi ni Frodo, hilo halina ubishi. Shujaa? Tolkien mwenyewe kwenye barua yake moja alimtaja Sam kuwa ndiye shujaa mkuu, na mi niko naye, kwa sababu Sam kila asubuhi anaweza kugeuka arudi, pete haijamshika, hakuna unabii unaomtaja, na kila asubuhi anaendelea kwa ajili ya mtu mmoja tu. Ila kama unaandika stori na unataka kumpa msomaji kitu cha kumkosesha usingizi, mchague Frodo. Sam anakupa faraja, Frodo anakuachia swali.

Anayenisumbua: Kinjeketile

Sijampangia mwenzake kwa sababu sijampata. Ni wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, na Hussein mwenyewe aliweka wazi kwamba huyu wake ni kiumbe cha ubunifu hata kama Kinjeketile wa historia na vita ya Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 vilikuwepo kweli. Kwenye tamthilia anatoka mtoni na maji na neno la kuwaunganisha watu waliokuwa wanagombana wao kwa wao, na wanaungana. Lakini maji hayazuii risasi, na yeye mwenyewe anaanza kuwa na wasiwasi na lile neno, anawaambia wangoje, hawangoji. Watu wanakufa kwa kuamini. Mwisho yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Hapo pana njia ya kupunguza mateso, na pengine ni kweli kabisa kwamba maji hayakufanya kazi! Anakataa, kwa sababu akilitamka, watoto watakaokuja wataambiwa babu zao walikosea kupigana.

Kipimo changu kinasema shujaa. Alafu nawakumbuka wale walioenda mbele ya bunduki na maji mwilini na nashindwa kusema kwa sauti kubwa. Hector aliharibu kwa kukataa ushauri, huyu aliharibu kwa kupendwa na kuaminiwa kuliko alivyoweza kuongoza. Ukiniambia nichague nani niwasimulie watoto wadogo, nitawapa Sam na Saada. Ukiniuliza nani niwape vijana wa sekondari wabishane darasa zima, ni Kinjeketile bila kufikiri mara mbili, tena mwalimu asiwape jibu.

Na kwa wewe mwenye skripti mezani, chukua rasimu yako utafute ukurasa ambao mhusika wako anaweza kuondoka salama bila kulaumiwa na mtu. Usihesabu ule ambao kazungukwa hana pa kwenda, huo haumpimi. Kama haupo, uandike huo kwanza kabla hujagusa sehemu ya mapigano, na mpe kitu cha kupoteza ambacho tumeshamwona anakipenda, hata kama ni masufuria.